MAUA NA UZAZI WA MIMEA: SWALI KUTOKA TARIME

Ndugu wanachama,

Tumepokea barua kutoka Tarime, katika mkoa wa Mara. Aliyeiandika ni kijana wa mwanachama wetu mmoja, ambaye ni mwalimu wa shule huko. Anasema kuwa siku moja alikuwa akifundisha habari za maua, akatoa mfukoni karafuu kavu chache alizopewa na mama yake alipokuja likizo, akawauliza wanafunzi: hiki ni nini? Wote walikijua kwa harufu, maana hutiwa katika chai na pilau. Lakini alipouliza kuwa ni sehemu gani ya mti, darasa liligawanyika. Wengine walisema ni mbegu, wengine kijiti, na mmoja akashikilia kuwa ni mzizi uliokatwakatwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa ni ua.

Mwalimu akaziloweka karafuu zile katika maji ya moto, akazipasua kwa wembe, akawaonesha. Ndipo msichana mmoja akauliza swali ambalo mwalimu hakuwa na jawabu lake, akaamua kutuletea sisi: "Ikiwa watu wa Pemba huchuma maua yote kabla hayajafunguka, mikarafuu mipya hutoka wapi?"

Tulilisoma swali hilo mbele ya kamati, na wajumbe wakatazamana. Kila mmoja alikuwa akidhani kwamba jirani yake ndiye anayeacha matunda ya mbegu. Kwa hiyo tumeona vema kuitumia nafasi hii kueleza ua ni kitu gani, kazi yake ni nini, na yale tuliyojifunza kutoka kwa wakulima wa Tarime na Serengeti, ili tupate jawabu la kumpelekea mwanafunzi yule bila ya kuona haya.

TUMBA LA KARAFUU

Chukua karafuu kavu iliyo nzima, ndugu msomaji, uiloweke katika maji ya moto mpaka ilainike. Ule mwili mrefu unaoushika kwa vidole si kikonyo, kama wengi wanavyodhani. Kikonyo tumekwisha kukitenga tulipochambua, nacho kimekwenda pamoja na makonyo. Mwili huo ni kikalio cha ua lenyewe, na ndimo vilimo vifuko vya mafuta yenye harufu yanayoipa karafuu thamani yake.

Juu ya mwili huo mna meno manne. Hayo huitwa sepali, na kazi yake ni kulilinda tumba lingali changa. Katikati ya meno kuna kichwa cha mviringo. Ukikibandua taratibu kwa ncha ya sindano, utaona kuwa ni petali nne zilizofumbana mfano wa kofia. Ndani ya kofia zimejikunja nyuzi nyingi nyembamba. Hizo ni stameni, viungo vya kiume, na kila uzi nchani mwake una kifuko cha unga uitwao chavua. Katikati ya nyuzi umesimama mnara mdogo mmoja tu, ambao ncha yake huitwa stigma, na hicho ni kiungo cha kike. Chini ya mnara, katika sehemu ya juu ya ule mwili, kimefichika chumba kiitwacho ovari. Ndani yake mna chembe ndogo ndogo, nazo huitwa ovuli. Chembe hizo ndizo mbegu zinazotarajiwa.

Basi karafuu ni nyumba iliyokamilika. Mume na mke wamo ndani, na vyumba vya watoto vimekwisha kutengenezwa, bali mlango haujafunguliwa. Sisi twauza nyumba hiyo ingali imefungwa. Mlango ukifunguka, kofia hudondoka, nyuzi hutawanyika, na bei hushuka. Ndiyo maana twawahimiza wachumaji wapande mtini pale tumba linapokwisha kujaa na kuanza kuwa jekundu, wala wasingoje lichanue.

KAZI YA UA

Ua likiachwa likachanua, chavua yake hupevuka, nayo hubebwa na nyuki na wadudu wengine, au huanguka yenyewe, mpaka ifike juu ya stigma. Kitendo hicho huitwa uchavushaji. Punje ya chavua ikikubaliwa hapo, huota kijirija chembamba mno kisichoonekana kwa macho, kikateremka ndani ya mnara mpaka kwenye ovari. Mbegu ya kiume hupita katika kijirija hicho na kuungana na yai lililomo ndani ya ovuli. Huo ndio urutubishaji. Tangu hapo ovuli huanza kuwa mbegu, na ovari huanza kuwa tunda. Petali na nyuzi hunyauka, kwa kuwa kazi yake imekwisha.

Mkarafuu, kwa sehemu kubwa, hujichavusha wenyewe. Kati ya ovuli zote zilizomo, kwa kawaida hukua mbegu moja tu, ndani ya tunda la rangi ya zambarau iliyokoza, lenye urefu wa kiasi cha inchi moja. Watoto wetu wengi hawajapata kuliona tunda hilo, au wakiliona hulitupa, maana likichanganyika na karafuu kavu huharibu daraja.

MKULIMA ANAYENGOJA UA LIFUNGUKE

Hali ya mkulima wa Tarime ni kinyume cha yetu. Wilaya hiyo imepakana na Kenya, na kwenye sehemu zake za mwinuko hulimwa kahawa ya aina ya arabika. Mwalimu ametuandikia kuwa mibuni ikichanua, kilima kizima hunukia kama asmini, na alipolisikia harufu ua hilo kwa mara ya kwanza alikumbuka vikuba vya nyumbani. Ua la mbuni ni jeupe, lina petali tano, na halikai ila siku chache. Matumba yake hulala wakati wa ukame. Mvua ikinyesha, huamka, na baada ya siku zipatazo nane hadi kumi hufunguka yote kwa pamoja.

Sisi tunda hatulitaki, bali yeye riziki yake yote imo ndani ya tunda. Buni moja huwa na mbegu mbili zilizopeana migongo bapa, na mbegu hizo ndizo anazouza. Ua lisipochavushwa, hapati kitu. Arabika yaweza kujichavusha yenyewe, tofauti na robusta ilimwayo Kagera, ambayo haina budi kupata chavua ya mbuni mwingine. Hata hivyo nyuki huiongezea arabika mazao. Mwaka 2002 mtaalamu aitwaye David Roubik alitangaza uchunguzi wake wa kahawa ya Panama, ulioonesha kuwa mibuni iliyofikiwa na nyuki ilizaa zaidi kuliko matawi yaliyofunikwa wasiingie. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye akili hanyunyizi dawa ya wadudu wakati mibuni imechanua, maana atawaua vibarua wasiomdai ujira.

MUME NA MKE MBALIMBALI

Mahindi hulimwa Tarime na Serengeti, na hulimwa kwetu pia, lakini ni wachache wanaolitazama ua lake. Mhindi una maua ya namna mbili. Juu kileleni mna mbelewele, ndiyo maua ya kiume, na katikati ya shina mna gunzi changa lenye ndevu, ndilo la kike. Upepo hupeperusha chavua kutoka juu, ikaangukia ndevu. Kila unywele mmoja ni wa punje moja. Ukiona hindi lenye mapengo, jua kuwa kila pengo ni unywele usiofikiwa na chavua, ama kwa ukame wakati wa kuchanua, ama kwa kuwa mihindi ilipandwa michache na mbalimbali. Ndiyo sababu shamba la mahindi hufaa lipandwe kwa mraba mpana kuliko mstari mmoja mrefu.

Mipapai imetengana zaidi. Mingi ni ama dume ama jike, na mwenye shamba la majike matupu, pasipo dume karibu, hulalamika kuwa mipapai yake imerogwa.

Wazee wetu walioishi Oman hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Mtende dume na mtende jike ni miti miwili, na mkulima hupanda mwenyewe juu ya jike akiwa na vishada vya maua ya dume, akavifunga mumo kwa mkono wake. Waliosoma chuoni watakumbuka habari ya watu wa Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakuta wakifanya hivyo, akasema kuwa hadhani kama jambo hilo lafaa kitu. Wakaliacha, na tende za mwaka ule zikatoka mbovu. Alipoambiwa, aliwajulisha kuwa mambo ya dunia yao wao ndio wanaoyajua zaidi. Twaona kuwa hapo pana fundisho kwa kila mkulima. Elimu ya ua la mti wako ni juu yako wewe unayeulima.

MIMEA ISIYOTUMIA MBEGU

Iko mimea ambayo mkulima haingojei ua lake hata kidogo. Muhogo, ambao ni chakula kikubwa katika wilaya zile mbili kama ulivyo kwetu, hupandwa kwa vipande vya shina. Mgomba hupandwa kwa chipukizi. Ndizi zetu za kula hazina mbegu ngumu, kwa kuwa tunda hukua bila ya kuchavushwa.

Uzazi wa namna hii una faida: mtoto ni sawasawa na mama yake, na huzaa upesi. Lakini una hatari yake. Ukikata kipande cha muhogo wenye batobato au michirizi ya kahawia, unapanda na ugonjwa pamoja nacho. Na kwa kuwa shamba zima ni mti mmoja uliokatwakatwa, ugonjwa ukimweza mmoja umewaweza wote. Mbegu ya ua huchanganya nasaba, na katika mchanganyiko huo mara nyingi hupatikana mtoto mmoja mwenye nguvu kuliko wenzake.

Ua la mgomba lina habari nyingine ya kuhuzunisha. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria ulithibitishwa katika migomba ya Kagera, na baadaye ukafika hata mkoa wa Mara. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Mlango mmojawapo wa ugonjwa huo ni ua. Nyuki na wadudu wengine hulitembelea lile ua dume jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, wakibeba bakteria kutoka mgomba mgonjwa. Ua hilo halina faida kwa ndizi, basi wakulima hufundishwa kulivunja mara tu chane ya mwisho ikishatokea. Hulivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, maana kisu nacho hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Tazameni, ndugu zetu. Nyuki yule yule ambaye ni rafiki wa mbuni huwa ni hatari kwa mgomba uliopandwa hatua chache kando yake. Anayejua sehemu za ua hujua aache lipi na avunje lipi. Asiyejua huyaacha yote au huyavunja yote.

NG'AMBO YA MTO MARA

Mto Mara hutoka Kenya, ukapita katika Hifadhi ya Serengeti, kisha ukatenga wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti, ukaenda kumwaga katika Ziwa Viktoria. Upande wa kusini ndiko uliko mji wa Mugumu, na mbele yake mbuga ya wanyama iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mti unaotawala mbuga hiyo ni mgunga wenye miiba.

Ua la mgunga lafanana na letu kwa jambo moja. Uzuri wake hautokani na petali, ambazo ni ndogo sana, bali hutokana na wingi wa stameni zilizojitokeza nje mfano wa furushi la nyuzi laini. Mkarafuu ukiachwa uchanue huonekana vivyo hivyo.

Lakini mbegu zao zimetofautiana kama mchana na usiku. Mbegu ya mgunga imo ndani ya ganda gumu mno. Tembo na swala hula maganda ya mti huo, wakatembea mbali, na mbegu nyingi hutoka katika kinyesi zikiwa nzima. Kupita tumboni humo hulilainisha ganda, hata mbegu ikapata kuota kwa wepesi mvua ikinyesha. Na kama mvua haikunyesha, yaweza kungoja ardhini muda mrefu.

Mbegu ya mkarafuu haiwezi kungoja. Ikikauka imekufa. Baada ya tunda kuiva, uhai wake huhesabiwa kwa siku, wala si kwa miezi. Huwezi kuitia katika chupa, wala kuiweka ghalani, wala kuitunza mpaka mwaka ujao. Ghala yake ni mti peke yake. Kwa hiyo msimu ambao hakuna aliyeacha ua lifunguke ni msimu usio na mbegu, na hauwezi kulipwa na msimu uliopita.

JAWABU LA SWALI

Mikarafuu yetu haikuwa ya asili hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Mfaransa Pierre Poivre aliifikisha Morisi yapata mwaka 1770, ikaenea hadi kisiwa cha Réunion, na yapata mwaka 1818 ikaletwa Unguja. Katika mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Mashamba yaliyopandwa upya baada ya hapo yalitokana na matunda yaliyoachwa yaive juu ya miti na watu ambao majina yao hatuyajui. Hilo ndilo jawabu la kwanza kwa mwanafunzi wa Tarime: mikarafuu mipya hutoka kwa mtu aliyekubali kupata hasara ndogo.

Hatusemi kuwa hasara hiyo si kitu. Kila tawi lisilochumwa ni pishi pungufu, na wengi wetu twajua pishi moja ina maana gani katika nyumba yenye watoto wa shule. Tatizo huwa kubwa zaidi pale shamba linapokodishwa. Mkodi amelipia msimu mmoja, na mwaka ujao si wake. Atachuma mpaka tumba la mwisho, na hatuwezi kumlaumu ikiwa mapatano hayakusema vinginevyo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya:

Kwanza, kila mwanachama achague miti michache iliyo mizima, iliyokwisha kukomaa, na inayozaa vizuri mwaka baada ya mwaka. Asichague mti mmoja tu, maana habari ya muhogo imetufundisha hatari ya kutegemea nasaba moja. Si lazima kuacha mti mzima. Yatosha kuacha matawi machache na kuyafunga kitambaa, ili wachumaji wayajue.

Pili, anayekodisha aandike katika mapatano kuwa matawi yaliyofungwa kitambaa hayachumwi.

Tatu, matunda yakisha kuiva yaokotwe yangali mabichi, wala yasianikwe. Yalowekwe usiku mmoja, yamenywe ganda, na mbegu zipandwe papo hapo katika kitalu chenye kivuli cha makuti na udongo usiokauka. Mbegu nzuri huanza kuota kiasi cha majuma mawili, na nyingine huchelewa zaidi.

Nne, wanachama wa sehemu mbalimbali wabadilishane matunda siku ile ile yanapookotwa. Jambo hili tutaliweka mbele ya mkutano mkuu ujao, ili wanachama waamue siku na mahali.

Tumemwandikia mwalimu wa Tarime tukamweleza hayo yote, na tukamwahidi zawadi kwa darasa lake. Tulitaka kumpelekea tunda bichi la mkarafuu wanafunzi wakalipande. Lakini tulipohesabu siku za njiani, na baridi ya vilima vya huko, tuliona kuwa mbegu ingefika imekufa, na hata kama ingeota isingekua. Basi tutawapelekea picha ya ua la mkarafuu lililochanua, kofia yake imedondoka na nyuzi zake zimetawanyika, kwani ndilo ambalo wao hawajaliona.

Tulipokwenda kutafuta ua la kupiga picha, tulizunguka mashamba matatu kabla ya kulipata. Lilikuwa juu kabisa, mahali ambapo mchumaji hakufika. Twataraji kuwa msimu ujao tutaliona chini, kwenye tawi lililofungwa kitambaa.

Wassalaam,
Katibu